Wakifika Kileleni Watakwenda Wapi? Barua ya Wazi kuhusu Viumbe wa Juu ya Mlima Elgon

Kwa Waheshimiwa Magavana wa Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma,
Kwa wakuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na wa Shirika la Huduma za Misitu,
Kwa Tume ya Bonde la Ziwa Victoria, Kisumu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Endebess. Kabla ya ualimu nilibeba mizigo ya wageni kutoka lango la Chorlim hadi kilele cha Koitobos, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kumshikia babu kienge cha moshi akirina asali, pale mianzi inapoishia na vichaka vya erika kuanza. Mlima Elgon niliujua kwa miguu kabla ya kuujua kwa vitabu.

Muhula uliopita nilikuwa nikiwafundisha Kidato cha Tatu jinsi joto linavyopungua kadiri mtu anavyopanda mlima. Niliwaeleza kwamba kila mita 100 za kupanda hupunguza takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi. Kwa hiyo dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, kiumbe anayetaka kubaki kwenye baridi aliyoizoea hana budi kuhamia juu zaidi kwa kama mita 160. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono. "Mwalimu, wakifika juu kabisa watakwenda wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hawana pa kwenda. Darasa zima likanyamaza. Tangu siku hiyo swali lake limekaa nami, na nimeona si haki libaki darasani, kwa sababu wenye kalamu ya kulijibu ni ninyi.

Naomba tuanze na hesabu, maana wengi hudhani kiumbe anayehama kupanda mlima anapoteza kidogo kidogo. Siku ile jioni niliwaonyesha watoto wangu kwa ugali. Uumbe ugali uwe na ncha kama mlima, kisha uukate katikati ya kimo chake. Kipande cha juu kina nusu ya kimo, lakini kitako chake ni robo tu ya kitako cha ugali mzima. Anayesukumwa hadi nusu ya mlima amepoteza robo tatu za makazi yake, na bado hajafika hata karibu na kilele.

Na Elgon yetu haina hata ncha ya ugali. Ni volkano iliyozimika zamani sana. Wagagai, kilele cha mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Koitobos chetu kina mita 4,222. Katikati kuna kaldera, lile bakuli kubwa ambamo mto Suam huanzia. Anayefika juu hakuti uwanja, anakuta ukingo. Ardhi ya mwisho ya baridi ni pete iliyozunguka bakuli, nayo imekatika pale Suam unapojipenyeza kutoka. Viumbe wanaohama kwenda juu wanahamia kwenye pete hiyo.

Ni akina nani hao? Wageni niliowabebea mizigo walikuja wakiuliza ndovu wanaolamba chumvi kwenye pango la Kitum, na ni haki yao, kwani ni ajabu ya kuiona. Lakini nilipowafikisha juu ya mita 3,500, wengi walisimama kimya mbele ya mimea. Kuna senesio kubwa, zenye shina refu kuliko mtu na kichwa cha majani mapana kama kabeji iliyofunguka. Senesio ya Elgon ni ya Elgon. Ile ya Cherangani, ng'ambo ya mashamba ya Kitale, ni nyingine, na hata jina lake la kisayansi ni la Cherangani. Mlima Kenya una zake, Aberdare ina yake, Kilimanjaro una zake. Ni ukoo mmoja uliotawanyika kwenye vilele kama watu wa visiwa, na kila kisiwa kikazaa watu wake. Kati ya kisiwa na kisiwa kuna bahari ya joto isiyovukika: mahindi, ngano, miji.

Huko juu mchana jua linachoma, na usiku maji yanaganda. Mmea unapitia kiangazi na kipupwe ndani ya saa 24, mwaka mzima. Senesio inapoona jua limezama hukunja majani yake kuelekea ndani ili kukifunika kichipukizi, kama mama anavyomfunika mtoto kanga. Majani yake yaliyokufa hayaanguki. Hubaki yamening'inia kuzunguka shina na kuwa koti linalozuia maji ya ndani yasigande. Kuna lobelia za milima yetu zinazohifadhi maji katikati ya majani, na usiku tabaka la juu la maji hayo huwa barafu huku chini yake kichipukizi kikibaki salama. Na kuna lobelia nyingine, ile iitwayo telekii kwa jina la kisayansi, inayopatikana Elgon, Mlima Kenya na Aberdare tu duniani kote. Hiyo hukua miaka mingi ikijiwekea akiba, kisha huchanua mara moja katika maisha yake, ikatoa mbegu, ikafa. Moto ukipita mwaka wa kuchanua, au mvua ikikosekana mwaka huo, akiba ya miaka yote imepotea.

Wako pia wanyama wadogo ambao hakuna anayewaimbia. Kuna aina mbili za panya wa nyasi wanaoishi Elgon peke yake, Uganda na Kenya zikiunganishwa. Wakiondoka hapa wameondoka duniani. Yuko kwale wa nyika ya juu, yaani ule uwanda wa baridi ulio juu ya msitu, ambaye jina lake la kisayansi limebeba jina la mlima huu ingawa yuko pia Mlima Kenya na Aberdare.

Na wako nyuki. Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo, kwa sababu ni mambo ya nyumbani kwetu. Nyuki wa mlimani ni weusi, wakubwa kidogo, wapole, na huruka kwenye ubaridi ambao nyuki wa tambarare hawatoki mzingani. Babu aliwaita "wetu" na wale wengine "wa chini". Mwaka 2017 watafiti waliolinganisha vinasaba vya nyuki wa milimani na wa nyanda za chini katika Afrika Mashariki walichapisha matokeo yao: walikuta sehemu mbili kubwa za vinasaba ambazo ndizo hasa zinazowatofautisha, kana kwamba wa mlimani wamebeba mafungu mawili ya urithi wa kuishi kwenye baridi. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka babu, ambaye hakujua neno vinasaba lakini alikuwa amewatenga kwa macho tu. Sasa katika mizinga yangu iliyo kwenye mwinuko ule ule wa babu ninapata nyuki wa rangi ya manjano na hasira nyingi, ambao hakuwahi kunionyesha mahali pale. Najua macho ya mfugaji mmoja si kipimo. Ndiyo sababu ninaomba vipimo.

Kuna watakaosema milima imewahi kupitia mabadiliko makubwa zaidi. Ni kweli. Zamani za barafu Elgon ilikuwa na barafu yake yenyewe, na mabonde yaliyochongwa nayo bado yapo. Matope ya ziwa dogo la Kimilili, juu kabisa ya mlima huu, na ya kinamasi cha Kaisungor huko Cherangani, yamehifadhi chavua ya maelfu ya miaka, na wanasayansi wameyasoma kama tunavyosoma daftari la mahudhurio: misitu ilishuka, ikapanda, nyika ikapanuka, ikasinyaa. Lakini mabadiliko yale yalichukua maelfu ya miaka, na mmea uliotaka kushuka au kupanda ulikuwa na mlima mzima wa kuupita. Leo joto linakwenda kwa kasi ya umri wa mtu mmoja, na mwinuko wa chini umefungwa kwa ua na shamba. Mkitaka kuona kasi yenyewe, tazameni Mlima Kenya. Barafu ya Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Barafu inapoyeyuka watu wanapiga picha na magazeti yanaandika. Elgon haina barafu ya kupigwa picha, hivyo kinachoyeyuka kwetu kinayeyuka bila shahidi.

Miaka miwili iliyopita nilihudhuria kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mpango wa tabianchi. Sitaji kilikuwa cha ofisi gani, kwa kuwa sitafuti kumwaibisha mtu. Watu walizungumza juu ya mahindi, viwavi jeshi, visima na daraja lililobebwa na maji, na kila jambo lilistahili kusemwa. Nilipouliza mpango ule una nini kuhusu nyika ya juu ya msitu, aliyeongoza kikao alinijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, kule juu hakuna wapigakura." Kisha akampa nafasi mwingine.

Waheshimiwa, wapigakura wa nyika ile wapo, ila wanaishi chini. Vinamasi na nyasi za mafungu za juu ya Elgon hupokea mvua na ukungu, zikaachilia maji polepole. Mito ya upande wetu inayoingia Nzoia inaanzia huko, na Nzoia inafika Budalang'i, ambako watu wanajua kwa uchungu maana ya maji yanayokuja yote kwa siku moja. Suam nao unakwenda Turkwel hadi Ziwa Turkana. Nyika ikiungua na vinamasi vikikauka, anayepoteza ni panya wa nyasi kwanza, kisha mama wa Webuye anayesubiri bomba, kisha mvuvi. Lakini naomba nisieleweke vibaya. Hata kama senesio isingetupa tone la maji, bado ningewaandikia. Kiumbe aliyekaa mahali pamoja tu ulimwenguni, na mahali hapo pakawa ndani ya kaunti yetu, ni amana. Sheria nayo imesema. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ilinde anuwai ya viumbe na maarifa ya jamii kuvihusu, na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti ziingize suala la tabianchi katika mipango yao ya maendeleo. Hakuna mahali iliposema mipango hiyo iishie kwenye mstari wa mianzi.

Ninaandika sasa kwa sababu ya kalenda. Mipango jumuishi ya maendeleo ya kaunti ya 2023 hadi 2027 inaelekea ukingoni, na ile ya miaka mitano inayofuata itaanza kuandikwa. Fedha za tabianchi zinazopitia FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na jamii, zimeshafika kwenye wadi, na kamati zimeundwa. Kisichoingia kwenye karatasi hizo hakitaingia kwenye bajeti hadi mtoto aliyeniuliza swali awe na watoto wake.

Jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote ni moto. Joto linapanda kwa miaka, lakini moto unaweza kufanya kazi ya miaka 50 kwa wiki moja. Machi 2012 Mlima Kenya uliungua, Februari 2022 Aberdare iliungua, na huku kwetu kila ukame wa Januari hadi Machi tunaona moshi ukining'inia juu ya erika. Sababu tunazijua, hatuhitaji kamati ya kuzitafuta: mrinaji aliyeacha kienge kikiwaka, mchungaji anayetaka nyasi mpya, mtu mwenye kinyongo. Lile koti la majani makavu linaloiokoa senesio kwenye baridi ndilo linaloshika moto haraka. Kiangazi kikizidi kuwa kirefu, moto uliokuwa wa bahati mbaya utakuwa wa kila mwaka, na mmea unaokua polepole namna ile hauwezi kuhimili moto wa kila mwaka.

Kwa hiyo naomba kikosi cha moto cha nyika, cha vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, wenye mafunzo, viatu, vipigio vya moto na posho inayolipwa kabla ya Januari badala ya baada ya Machi. Naomba wafugaji nyuki tupewe vifaa vya moshi vyenye kifuniko na mizinga ya kisasa, kwa bei ya kikundi, ili kienge kibaki hadithi ya babu. Nimefanya kazi na warinaji hawa. Hakuna hata mmoja anayependa kuunguza mlima unaomlisha. Ukimpa kifaa atakitumia.

Jambo la pili litawashangaza wengine, kwa kuwa naonekana kama mtu anayepinga miti. Taifa limeweka lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Naliunga mkono. Kwenye mashamba yaliyo wazi, kwenye kingo za mito, kwenye msitu ulioharibiwa wa chini, pandeni, na wanafunzi wangu watakuja na majembe. Lakini nyika ya juu si msitu ulioharibika. Ni makazi kamili, yaliyokuwa wazi kabla ya shoka la kwanza, na mti ukipandwa pale unamfukuza mwenye nyumba. Somo lipo Nakuru. Nyanda za nyasi za Molo na Mau Narok ni makazi ya ndege mdogo wa kifua cha manjano na kucha ndefu, aitwaye Sharpe's longclaw kwa Kiingereza, ambaye hapatikani nje ya Kenya na yuko katika hatari ya kutoweka. Anahitaji nyasi za mafungu na uwanda wazi. Shamba la viazi linamwondoa, na kichaka cha mikaratusi kinamwondoa vilevile, hata kama kimepandwa kwa nia njema na kupigiwa makofi. Nakuomba wewe afisa utakayegawa miche: kabla ya kuipeleka mlimani, uliza mahali hapo palikuwa nini. Na mpango wa kaunti uchore mstari kwenye ramani, uandike kwamba juu ya mstari huo hatupandi kitu chochote ambacho hakikuota chenyewe.

Msitu wa chini nao una kazi kwa ajili ya viumbe wa juu. Msitu ukikatwa kwenye miinuko ya kati, wenyeji wake nao wanasukumwa juu, na wanaokaa juu wanapokea wageni wasio na nafasi ya kuwapokea. Hapo naona wenzangu wa misitu wanaelewa kuliko mimi, siendelei.

Sasa kuhusu kaldera. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutiririka kama maji na kutuama mabondeni. Bakuli kubwa lililo juu ya mlima, lenye kingo pande zote, linaweza kushika baridi hata joto likipanda kwenye miteremko ya nje. Vivyo hivyo mabonde yenye kivuli, miamba inayoelekea upande usiopata jua la asubuhi, na vinamasi vyenye maji mwaka mzima. Sehemu kama hizo ndizo huenda zikawa kimbilio la mwisho la senesio na lobelia, na panya wale. Kwa hiyo ulinzi wa mlima hauwezi kuwa sawa kila mahali kwa nguvu ndogo. Inabidi tujue makimbilio hayo yako wapi, tuyapime, kisha moto, mifugo na njia za watalii vikae mbali nayo.

Na kaldera ina mpaka ndani yake. Sehemu kubwa iko Uganda, na Suam unaotoka humo ndio mpaka wenyewe. Panya wa nyasi hana pasipoti. Mpango wa Kenya peke yake ni nusu ya mpango. Ndiyo maana barua hii imekwenda Kisumu. Tume ya Bonde la Ziwa Victoria imewahi kusimamia mradi wa pamoja wa uhifadhi wa Elgon kwa nchi zote mbili, na pande zote mbili za mlima zinatambuliwa na UNESCO kama hifadhi hai, upande wetu tangu 2003. Meza ipo, viti vipo. Naomba tume iwaite tena wahusika, na safari hii ajenda ianze juu ya mita 3,500 kisha ishuke.

Kupima hakuhitaji mamilioni. Huko Austria mwaka 2001 watafiti walianzisha utaratibu uitwao GLORIA, ambao sasa unafuatwa kwenye milima ya nchi nyingi: unachagua vilele vya urefu tofauti kwenye safu moja, unatenga viwanja vidogo vya kudumu, unahesabu kila mmea, unazika vipimajoto udongoni, kisha unarudi baada ya miaka kadhaa kwenye kiwanja kile kile. Tuna vyuo vikuu karibu, Kibabii na Masinde Muliro na Eldoret. Tuna Makavazi ya Kitaifa yenye mimea iliyokaushwa tangu enzi za ukoloni, ambayo inaweza kutuambia senesio ilikuwa mwinuko gani wakati huo. Tuna vijana wabeba mizigo ambao hupita Koroborte, njiani kuelekea Koitobos, kila wiki na wangeweza kusoma kipimajoto bila kulala njiani. Mbegu nazo zikusanywe sasa, zingali nyingi, zipelekwe hifadhi ya mbegu ya taifa iliyoko Muguga. Sipendi kufikiria siku zitakapohitajika, lakini mkulima hali mbegu zote.

Jambo la mwisho ni gumu, na nitalisema waziwazi. Kila mara neno uhifadhi linapotamkwa Elgon, kuna watu wanaoanza kufunga virago. Waogiek wa Chepkitale wanaishi katika nyika hiyo tangu kabla ya mstari wa mpaka. Mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa hifadhi ya wanyamapori, na wamefukuzwa na kurudi, wakachomewa nyumba, wakaenda mahakamani. Wao wenyewe wamejiandikia kanuni za jamii kuhusu malisho, mkaa na ukataji wa mianzi. Ikiwa mpango wa tabianchi utakuwa jina jipya la kuwafukuza, mimi sitausaini, na nitawaambia wanafunzi wangu kwa nini. Wao ndio wanaojua kinamasi kipi hakikauki hata mwaka wa njaa na baridi inatuama bonde gani. Wazee wao wakae mezani tangu siku ya kwanza kama wenye mali, walipwe kama wataalamu, na kanuni zao ziingie ndani ya mpango kwa maneno yao.

Ninajua bajeti ni finyu na zahanati zinakosa dawa. Sijaomba hospitali igeuzwe kuwa bustani. Nimeomba mstari kwenye ramani, kikosi cha moto, vipimajoto, kikao cha nchi mbili na viti kwa wazee wa Chepkitale. Naomba pia jibu la maandishi kutoka kwa kila mmoja wenu, linaloonyesha ni ukurasa gani wa mpango ujao utakaoshughulikia ardhi iliyo juu ya mianzi, na nani atakayewajibika nao.

Likizo ya Disemba klabu yetu ya mazingira inataka kwenda Koroborte na vipimajoto sita ambavyo wazazi wamechangia. Tutavizika kwenye mwinuko tofauti kuelekea Koitobos, na kila likizo tutarudi kuvisoma. Tunahitaji kibali cha kuingia hifadhini bila ada, na askari mmoja wa kutusindikiza. Msichana aliyeuliza swali ndiye katibu wa klabu. Ameshaandika majedwali, na safu ya kwanza bado ni tupu.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa biolojia na mfugaji nyuki,
Endebess, Trans Nzoia